Bawa Lisiloruka: Incirlik na Mkono Ulioshika Swichi

Jumamosi ya tarehe 16 Julai 2016 umeme ulikatika katika kambi ya anga ya Incirlik, kusini mwa Uturuki. Haukukatwa na mvua wala transfoma mbovu. Ulikatwa makusudi, na wenye nchi. Usiku wa kuamkia siku hiyo baadhi ya wanajeshi wa Uturuki walikuwa wamejaribu kuipindua serikali, na ndege za kujaza mafuta angani, zile zilizozinywesha F-16 za waasi juu ya Ankara, zilikuwa zimeondokea hapo hapo Incirlik. Serikali iliposimama tena kwa miguu yake ikafunga malango, ikafunga anga, ikazima umeme. Siku iliyofuata mkuu wa kambi, Jenerali Bekir Ercan Van wa jeshi la Uturuki, akatiwa mbaroni.

Ndani ya uzio ule ule walikuwamo Wamarekani zaidi ya 1,500, pamoja na ndege zilizokuwa zikiishambulia ISIS nchini Syria na Iraq. Anga ilifunguliwa haraka, ndege zikaanza kuruka tena. Umeme haukurudi mpaka tarehe 22.

Sisi tuliokulia kwenye mgao wa umeme tunaijua hesabu ya jenereta. Kwanza unauliza dizeli imebaki kiasi gani, halafu unauliza kipi kizimwe. Kwenye kambi ya anga hesabu ni ile ile, ila vinavyogombea umeme ni vingine: mnara wa kuongozea ndege, rada, taa za njia ya kurukia, pampu za mafuta, friji za dawa, mitambo ya mawasiliano. Baada ya hayo yote ndipo mtu akumbuke kwamba ni Julai, Adana, mji ulio jirani na kambi, inachemka, na watu wanatakiwa walale. Kazi ya kupanga foleni hiyo si ya rubani. Ni ya mhandisi, fundi umeme, karani wa mafuta, daktari na askari wa getini. Kwa Wamarekani, watu hao wamo katika kikosi kinachoitwa Bawa la 39 la Kambi ya Anga. Ni bawa, yaani kikosi kikubwa cha jeshi la anga, lakini halina ndege za kivita za kudumu. Ndege huja zikaondoka, bawa linabaki.

Nimekuwa nikifuatilia habari za kambi hii kwa miaka kadhaa, na kila mara nakuta wachambuzi wakihesabu ndege: F-16 ngapi zimeingia, ndege ngapi za mafuta zimetoka. Hesabu hiyo haisemi kitu. Historia nzima ya Incirlik imeandikwa kwenye mambo ambayo hakuna anayeyapiga picha, yaani lango, bomba la mafuta, kibali cha mizigo, waya wa umeme. Mwenyeji akitaka kumbana mgeni hagusi ndege. Anagusa huduma.

Tueleze kwanza bawa la kambi ni nini, kwa sababu muundo wake una ugomvi wake wa zamani. Kabla ya mwaka 1947 Wamarekani walikuwa na tatizo ambalo yeyote aliyefanya kazi serikalini ataling'amua mara moja. Mkuu wa kituo, mara nyingi mtu asiye rubani, alikuwa na mamlaka juu ya kamanda wa ndege za kivita zilizowekwa kituoni kwake. Kamanda anataka kuruka, mwenye funguo za bohari anasema fomu haijakamilika. Mwaka huo jeshi la anga lilipokuwa linajitenga na jeshi la nchi kavu, wakaja na mpango uliopewa jina la Kenneth Hobson, ofisa aliyeuandaa. Bawa likawa juu ya vyote. Chini yake kukawa na kundi la kivita, kundi la matengenezo na ugavi, kundi la kambi, na kundi la tiba, na wote wakawa chini ya kamanda mmoja anayejua kuruka.

Marubani wakashinda. Tangu hapo neno bawa likawa na fahari ya kivita, na watu wa huduma wakawa wasaidizi wake. Mwaka 1991 Jenerali Merrill McPeak, mkuu wa jeshi la anga la Marekani, akaikaza kanuni hiyo: kambi moja, bawa moja, bosi mmoja. Lakini kuna mahali ambapo kanuni hii ilikataa kukaa, na ndiko mabawa ya kambi yanakotumika mpaka leo. Ni zile kambi ambazo wapangaji ni wengi au hawadumu, hivyo hakuna rubani mmoja wa kumkabidhi nyumba. Huko San Antonio, Texas, Bawa la 502 linahudumia maeneo matatu yaliyounganishwa kuwa kambi moja, Lackland, Randolph na Fort Sam Houston, na hili la mwisho lilikuwa la jeshi la nchi kavu. Huko Ohio, Bawa la 88 linaitunza Wright-Patterson, ambako mnamo Novemba 1995 marais Milošević, Tuđman na Izetbegović walifungiwa majuma matatu mpaka wakakubaliana kuhusu amani ya Bosnia. Historia inamkumbuka mpatanishi. Aliyetandika vitanda na kupanga nani asikutane na nani mezani wakati wa chakula hana ukurasa wake, ingawa nadhani kazi yake haikuwa nyepesi hata kidogo.

Mwezi Februari 2024 jeshi la anga la Marekani likatangaza kwamba linataka kurudi nyuma kidogo, mabawa ya kivita yawe kivyake na uongozi wa kambi uwe kivyake. Sababu ni rahisi. Bawa linalotakiwa kubeba virago na kwenda vitani haliwezi wakati huo huo kusimamia mabomba ya maji taka nyumbani. Miaka zaidi ya sabini kufika hapo! Incirlik walilijua hilo zamani, bila kutangaza.

Sasa turudi Adana. Jina Incirlik linatokana na tini. Ni mahali pa mitini, tini ile ile inayoapiwa pamoja na zeituni katika sura tunayoisoma tangu madrasa. Wahandisi wa jeshi la Marekani walianza kujenga njia ya kurukia mwaka 1951, makubaliano ya matumizi ya pamoja yakafuata mwishoni mwa 1954, na kambi ikafunguliwa mwaka 1955 kwa jina la Adana. Jina la sasa lilikuja 1958. Mwaka huo huo, vurugu za Lebanon zilipolipuka, Rais Eisenhower akapeleka ndege Incirlik, na kambi iliyojengwa kwa watu wachache ikajikuta imefurika. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba saruji pekee haitoshi. Ndege zikija kwa wingi lazima kuwe na vitanda, mikate, mafuta na mtu wa kuziongoza kuegesha.

Kuna jambo moja katika makubaliano hayo ambalo watu wengi hulikosea, hata wale wanaoandika kila siku kuhusu kambi za kigeni. Incirlik si mali ya Marekani. Ardhi ni ya Uturuki, mkuu wa kambi ni Mturuki, bendera inayotawala ni ya Uturuki. Kamanda wa Bawa la 39 ni mkuu wa Wamarekani waliomo ndani. Ni mpangaji mwenye vyumba vingi sana, lakini ni mpangaji.

Kila aliyewahi kupanga anajua kwamba kodi si shida kubwa. Shida ni mwenye nyumba anapoanza kukumbuka haki zake. Mei 1960 ndege ya kijasusi ya U-2 iliyoendeshwa na Francis Gary Powers ilitunguliwa ndani ya Urusi. Siku ile alikuwa ameruka kutoka Peshawar, Pakistan, lakini kikosi chake makao yake yalikuwa Incirlik, na mwenye nyumba akajikuta anaulizwa maswali kuhusu mgeni wake. Mwaka 1975, baada ya vita vya Cyprus, Bunge la Marekani liliizuia Uturuki kupata silaha. Ankara ikajibu kwa kusimamisha shughuli za Wamarekani katika vituo vyote isipokuwa Incirlik na Izmir, na huko nako ziliruhusiwa zile za NATO tu. Ndege hazikufukuzwa. Kilichofungwa ni kazi. Marufuku iliondolewa 1978, na mkataba mpya wa ulinzi na uchumi ukatiwa saini Machi 1980.

Baada ya vita vya Ghuba vya 1991 ndege za Marekani, Uingereza na Ufaransa zilipiga doria kaskazini mwa Iraq zikitokea hapo, kwanza kuwalinda Wakurdi waliokimbilia milimani, kisha kulinda eneo lisiloruhusiwa ndege za Saddam. Kazi hiyo ilidumu miaka kumi na miwili. Bunge la Uturuki lilikuwa na kawaida ya kuongeza muda wake kipande kwa kipande, kila baada ya miezi michache. Hebu fikiria mhasibu wa kambi. Anatakiwa kusaini mikataba ya chakula, kukodi magari, kuajiri madereva wa Kituruki, na hajui kama baada ya miezi sita kutakuwa na operesheni. Miaka kumi na miwili ya vibali vya muda!

Kisha ikaja tarehe 1 Machi 2003. Marekani ilitaka kupitisha askari 62,000 Uturuki ili kuishambulia Iraq kutoka kaskazini. Wabunge 264 walisema ndiyo, 250 wakasema hapana, 19 hawakuegemea upande wowote. Ndiyo zilikuwa nyingi, lakini sheria ilitaka wingi wa waliohudhuria, hivyo zikapungua kura tatu. Meli zilizosheheni vifaru, zilizokuwa zimesubiri nje ya pwani ya Uturuki, zikageuza kwenda kuzunguka mpaka Ghuba. Incirlik ikapoa. Doria za kaskazini mwa Iraq zikafungwa, ndege zikaondoka, na mwaka ule ule bawa likashushwa hadhi kuwa kundi.

Ungedhani kambi imekufa. Mwaka 2004 hadhi ya bawa ilirudishwa, na mwaka uliofuata Incirlik ikawa kituo cha mizigo. Ndege za C-17 zilikuwa zikipakia hapo na kwenda kuwashushia shehena askari walioko Iraq, vita vile vile ambavyo Bunge la Uturuki lilikataa kuvifungulia mlango wa mbele. Mizigo ikaingia kwa mlango wa jikoni. Oktoba 2007, kamati ya Bunge la Marekani ilipopitisha azimio la kuyaita mauaji ya Waarmenia kuwa mauaji ya kimbari, Uturuki ikamrudisha nyumbani balozi wake, na waziri wa ulinzi Robert Gates akawakumbusha wabunge wa nchi yake kwamba asilimia 70 ya shehena ya anga inayokwenda Iraq inapita Uturuki. Azimio halikufika kwenye ukumbi mkuu wa Bunge wakati huo. Kilicholizuia ni makontena. Nalitaja hili kwa wale wanaodhani ugavi ni habari ya makarani: karani wa bohari pale Adana, bila kujua, alikuwa na uzito katika mjadala wa Washington kuhusu historia ya Waarmenia. Kama hilo ni jambo la kujivunia au la kusikitikia, nawaachia Waarmenia wenyewe.

Tazama basi bawa lenyewe linavyofanya kazi. Kundi lake kubwa ni la huduma. Humo kuna wahandisi wa majengo, ambao pia ndio wazimamoto na wategua mabomu, na ndio wanaokagua njia ya kurukia yenye urefu wa mita 3,048 kuhakikisha haina hata jiwe dogo, maana kokoto moja ikifyonzwa na injini ya ndege ni hasara ya mamilioni. Kuna watu wa mawasiliano, watu wa manunuzi na mikataba, watu wa ugavi wanaosimamia mafuta na magari, askari wa ulinzi, na wale wanaoshughulikia malazi, chakula na michezo. Kundi la tiba linajitegemea. Kuna skwadroni ndogo Ankara na nyingine Izmir, zikiwahudumia Wamarekani wa huko. Na kuna kundi zima la kulinda silaha maalumu. Wachambuzi wa nje wamekuwa wakiitaja Incirlik kwa miaka mingi kati ya kambi za Ulaya zenye mabomu ya nyuklia ya Marekani. Washington haithibitishi wala haikanushi.

Karibu kila moja ya huduma hizo ina mkono wa Mturuki ndani yake. Mafundi wa kuajiriwa ni Waturuki, wakandarasi ni Waturuki, umeme ni wa gridi ya Uturuki. Nje ya lango kuna mtaa wa maduka ambao Wamarekani waliuita Kichochoro: mazulia, dhahabu, mishikaki, mafundi cherehani. Machi 2016, miezi minne kabla ya jaribio la mapinduzi, Pentagon iliamuru familia za askari ziondoke Uturuki kwa sababu za usalama. Watoto wakaacha shule katikati ya muhula. Biashara ya Kichochoro ikaporomoka, na hao wenye maduka hawakuwa wamepindua serikali ya mtu.

Wajerumani nao walipata somo lao. Ndege zao za upelelezi zilikuwa Incirlik katika vita dhidi ya ISIS, lakini Uturuki ikawazuia wabunge wa Ujerumani kuwatembelea askari wao. Kwa Wajerumani hilo si jambo dogo, kwani jeshi lao liko chini ya jicho la Bunge. Juni 2017 Bunge la Berlin likaamua, wakahamia Azraq, Jordan. Tena ni lango tu. Wamarekani wao wakabaki, na Desemba 2019 Rais Erdoğan akatishia hadharani kwamba anaweza kuifunga Incirlik ikibidi. Hakuifunga. Kitisho kinalipa zaidi kuliko kukitekeleza, maana ukishamfukuza mpangaji huna tena wa kumtishia.

Kwetu Afrika Mashariki mjadala wa kambi za kigeni una pande mbili. Wapo wanaosema kambi ya Marekani ni ukoloni, mwenyeji hana sauti. Wapo wanaosema ni ushirikiano tu, mgeni amekuja kusaidia, tuache kelele. Incirlik inawakanusha wote wawili. Mwenyeji ana sauti kubwa, ila sauti hiyo haitokani na hotuba. Inatokana na kushikilia huduma kwa mkono wake na kujua mkataba unasema nini. Na mgeni hakuja kusaidia bure: kila C-17 iliyopakiwa Adana ilikuwa na hesabu yake.

Tunayo kambi ya kuangalia karibu zaidi. Manda, Lamu, ndani ya eneo la jeshi la Kenya, kulikuwa na Wamarekani na uwanja wa ndege uliohudumiwa na skwadroni ya kambi, ya 475, ndugu mdogo wa mabawa haya ninayoyasema. Alfajiri ya Jumapili tarehe 5 Januari 2020, al-Shabaab waliuvamia uwanja huo. Mwanajeshi mmoja wa Marekani na wakandarasi wawili Wamarekani waliuawa, na ndege kadhaa zikateketea. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa Machi 2022 ilizungumzia maandalizi duni ya ulinzi na watu kuzoea mno kwamba pale ni salama. Kabla ya siku ile, mabishano yetu yote yalihusu droni: zinarushwa au hazirushwi, zinampiga nani. Sikumbuki nikisoma makala hata moja, na mimi mwenyewe sikuandika, iliyouliza swali la mlinzi wa kawaida: uzio wa uwanja ule unalindwa na nani usiku, Mkenya au Mmarekani, na nani anamwamuru nani? Hilo ndilo swali la kuuliza kila mkataba wa namna hii unapopelekwa Bungeni, Nairobi au kwingineko. Nani ana ufunguo, nani analipia umeme, fundi analipwa na nani na kwa sheria ya nchi gani.

Incirlik kulikuwa na siku nyingine ambayo mpangaji na mwenye nyumba hawakuwa na la kugombania. Tarehe 6 Februari 2023 matetemeko mawili, la kwanza la kipimo cha 7.8, yaliubomoa ukanda huo wa kusini. Zaidi ya watu 50,000 walikufa nchini Uturuki peke yake. Katika uwanja wa ndege wa Hatay njia ya kurukia ilipasuka. Incirlik ikabaki inatumika, na misaada ikaanza kumiminika: waokoaji, mahema, dawa, helikopta za kupeleka vitu kwenye vijiji ambavyo barabara zake zilikuwa zimefukiwa. Mafundi wa Kituruki walikuja kazini, baadhi wakiwa wametoka kulala ndani ya magari kwa kuogopa nyumba zao. Forklifti zilizozoea kubeba shehena ya vita zikabeba mablanketi, na lango, safari hii, mwenye nyumba alilifungua mwenyewe.